Injini ya Boti Kwenye Pipa

Juzi, kwenye duka la spea Bungoma, dada yangu mdogo aliweka kauntani pistoni iliyoungua ya injini ya boti ambayo baba huvulia samaki ziwani, mbali na kwetu. Muuzaji akacheka, "Ati boti? Si hapa hakuna ziwa, madam!"

Mimi, bingwa wa midahalo chuoni, nikaanza kumjibu kwa hoja tatu. Dada akanikata, "Tupee pistoni mpya na ringi zake, bana."

Jumapili, nyumbani Bokoli, aliifunga upya injini, akaining'iniza kwenye pipa la maji, propela ikiwa ndani, akavuta kamba. Ikanguruma. Baba, aliyekuwa akitafuta mnunuzi wa boti tangu injini ife, akapiga makofi. "Huyu ndiye fundi wangu! Na wewe mama hoja, shikilia pipa lisianguke."

Wasomaji, nililishikilia, nikarowa, nikiomba injini izime. Haikuzima. Hata maombi yangu yalikosa hoja.