Kopo Jekundu

Alivijua vyoo vyote vya njiani: cha kituo cha mafuta, ambacho ufunguo wake ulifungwa kwenye kipande cha ubao, cha posta, kisichokuwa na kitasa, na cha hospitali. Hicho cha hospitali alikitumia miaka tisa, akiingia na kutoka mbiombio, wala hakupanda ngazi hata siku moja kwenda kuonwa.

Kazi yake ilikuwa kulisha panya. Chuo kilikuwa na chumba chao, vizimba mia na ishirini vimepangwa kwenye rafu kama vitabu, na feni isiyozimwa. Wenzake walimwita Baba Panya. Mlinzi wa getini alimtania kila siku.

"Baba Panya, wanao wameamkaje?"

"Salama. Wanakuuliza hayo masharubu yao utawarudishia lini."

Panya wa rafu tatu za mwisho walikuwa wa Daktari, binti mwenye miwani ambaye hakutibu watu. Udaktari wake ulikuwa wa maabara. Aliwatilia panya wale kemikali kwenye maji ya kunywa, utumbo wao mpana ukawaka na kutoa vidonda, na baada ya miezi, juu ya vidonda vile, saratani ikaota. Alitaka kujua kama unga wa gome la mti fulani ungeizuia. Baadhi walipewa unga huo, wengine makapi tu, na ili jicho la mlishaji lisipendelee, makopo hayakuandikwa kitu: moja jekundu, moja la bluu.

Kila asubuhi Baba Panya alimwinua kila panya mkia, akatazama, akaandika. Sifuri, hakuna damu. Moja, dalili. Mbili, damu ya kuonekana. Tatu, damu nyingi. Panya aliyepata tatu siku mbili mfululizo, Daktari aliitwa siku hiyohiyo, na Baba Panya hakuwahi kumchelewesha hata mmoja.

Yeye mwenyewe alikuwa mbili.

"Mkanda umetobolewa tundu jingine," mkewe alimwambia.

"Bawasiri tu hiyo, mama watoto."

"Bawasiri gani ya miaka tisa? Ingekuwa mtoto ingekuwa darasa la tatu! Mficha maradhi..."

"Kilio humfichua, najua. Nipe chai."

Alikuwa amesikia wanavyopima. Mtu mzima, ana wajukuu, avuliwe suruali na kuingizwa mpira nyuma mbele ya watoto wa wenzake? Bora afe. Alisema hivyo kwa mzaha, kama watu wasemavyo. Tumbo likichafuka alipita duka la dawa akanunua vile vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria. Muuzaji hakumwomba cheti cha daktari, alishamzoea.

Lakini macho ya kazi alikuwa nayo. Mwezi wa tatu wa jaribio hilo aliona kwamba panya wa rafu ya juu, wanaolishwa kutoka kopo jekundu, manyoya yao yanang'aa na alama zao zinashuka. Wa rafu ya kati, wa kopo la bluu, walizidi kudhoofu. Wa rafu ya chini nao walikula kopo jekundu, ila maji yao Daktari aliyajaza kwa mkono wake, na hao walikonda vilevile. Hawana bahati, akajisemea. Kesho yake akachota kijiko kimoja cha kopo jekundu, akakikoroga kwenye chai yake.

Alikunywa hivyo miezi minane.

"Baba, mbona unga unapungua kuliko nilivyopima?" Daktari aliuliza siku moja.

"Panya wa nje hao," akadakia mlinzi, aliyekuwa ameleta gunia la chakula. Baba Panya alicheka kuliko wote.

Damu haikukoma. Mvua za mwanzo ziliponyesha, ilikuwa tatu.

Siku ya matokeo Daktari alikuja na karatasi zake akitabasamu. "Jekundu limefanya kazi, baba!"

"Na hawa wa chini?"

"Hao niliwatilia antibiotiki kwenye maji. Unga peke yake si kitu. Bakteria wa tumboni ndio wanaoumeng'enya, wakatoa kile kinachotuliza uvimbe. Ukiwaua, unga unaingia na kutoka ulivyo. Ni kupeleka nafaka kinuni na mtwangaji umeshamfukuza."

Baba Panya alitia mkono mfukoni. Vidonge vya rangi mbili vilikuwamo. Akakaa juu ya gunia.

"Na kwa mtu?"

"Kwa mtu sijui. Hawa ni panya." Kisha akamtazama vizuri, ule mkanda, ile shingo. "Baba, ni wewe uliyekuwa unachota?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Una ngapi?"

"Mbili tangu zamani. Tatu, tangu mvua zianze."

"Miezi miwili! Panya angekuwa na tatu, ungeniita."

"Ningekuita."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Panya hana haya, mwanangu."

Daktari alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, akampandisha zile ngazi. Kipimo kilichukua dakika ishirini. Aliyekishika alikuwa kijana mpole, hakumtazama usoni, hakucheka. Uvimbe ulikuwa umeshaziba nusu ya utumbo, na picha ikaonyesha vivuli kwenye ini. Daktari wa upasuaji alisema miaka mitatu nyuma wangekata wakamaliza.

Wiki yake ya mwisho kazini alimfundisha mama aliyechukua nafasi yake. Mama yule alikunja uso kumwinua panya mkia.

"Usione kinyaa. Mtazame vizuri. Ukiona tatu, usingoje kesho."

Nyumbani, mkewe alilia siku mbili, ya tatu akakasirika.

"Miaka yote hiyo unawafunua panya wa watu," alisema, "mimi mkeo ukanifungia mlango wa choo."

Hospitali iliagiza hali yake iandikwe kila siku, na Daktari akawaletea karatasi zilezile za vizimba, kwa kuwa ndizo Baba Panya alizozizoea. Sasa hakuweza kwenda chooni peke yake. Mkewe alimshika kwapa, akamkalisha, akauzuia mlango kwa mguu, kalamu mkononi.

"Ngapi?"

"Tatu."

Akaandika.