Mkunga na Mimba Yake

Wifi yangu ni mkunga. Akikutazama unavyoshuka ngazi tu, atakuambia mimba yako ina miezi mingapi. Tangu amalize chuo anapokea watoto wa watu, lakini wa kwake hakuwa naye, kwa sababu ya mkopo uliomsomesha. Mshahara wake huingia ukiwa umeshang'atwa. Wa kaka yangu, fundi wa lifti, hali kadhalika. Ndiyo maana walioana na kauli moja: deni kwanza, mtoto baadaye. Mimi niliiona kauli ya kijinga, ila nalala bure kwenye chumba chao kidogo, ningesema nini?

Basi wifi akaanza kulalamika kwamba dawa ya kudekia wodini inamchefua. Akafungua madirisha yote, akamgombeza mfagizi wa watu. Mkuu wa zamu, mama mtu mzima, akamwacha mpaka akachoka.

"Mwanangu, dawa ni ileile ya siku zote. Lete mkojo tupime."

Mganga hajigangi.

Alirudi nyumbani uso umemshuka, akaniambia mimi kwanza, jikoni.

"Wifi, kaka yako ataniua. Tulikubaliana."

Nilikasirika hasa. Mtu mzima anaogopa mimba ndani ya ndoa yake kama mtoto wa shule! Mkopo gani huu unaolala kitandani katikati ya mke na mume?

Kaka alipoingia, hata viatu vya kazi hajavua, wifi akamwambia palepale mlangoni, harakaharaka, kama anayebandua plasta. Kaka akakaa sakafuni.

"Kweli?"

"Kweli. Nisamehe. Najua ulisema deni kwanza."

"Mimi? Si wewe uliyesema? Nikaona nikikubishia nitakuongezea mzigo."

"Nilisema kwa sababu kila jioni ulikuwa unapiga hesabu za makato!"

"Nilikuwa natafuta mtoto ataenea wapi."

Wifi akafuta machozi kwa kanga. "Sasa anaenea?"

"Deni litaendelea kukatwa, lakini tukijibana, anaenea."

Wakacheka wote wawili, na mimi moyo ukanitua kwa mara ya kwanza tangu jikoni. Ndipo kaka akanigeukia.

"Na wewe, chumba unahama lini?"

Kumbe katika hesabu zake zote na mimi nilikuwemo. Sijawahi kufukuzwa nikafurahi vile. Nilianza kufungasha kabla hajavua viatu.