Msumari wa Pili

Hata likiwa jiwe dogo tu kwenye mchele, Hippolyte hakulitupa mara moja. Aliliweka ukingoni mwa ungo, kisha kiganja chake kikaendelea kupita juu ya mchele, taratibu, mpaka mwisho, kana kwamba lile la kwanza lilitangulia tu kupiga hodi. Hivyo hivyo kwa mwiba wa samaki, kwa funza katika kidole cha mtoto, kwa mkeka kabla mtu hajaukalia. Akishapata kitu kimoja aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na kazi yake: "Na mwenziwe?"

Binti yake Julienne alikua akidhani kila baba hufanya hivyo. Siku moja, akiwa bado mdogo katika shule ya masista, alimwona baba wa rafiki yake akimtoa mwanawe mwiba mguuni. Yule bwana aliutupa mwiba majanini, akampiga mtoto kofi dogo la mapenzi kwenye shavu la mguu, akarudi kwenye mazungumzo yake. Julienne alibaki amesimama. Alikuwa akingoja autafute wa pili.

Kibanda cha Hippolyte kilikuwa kando ya barabara itokayo Kabambare, pale inapoingia Kasongo, na madereva wote walikijua. Hapakuwa na mengi ndani yake: beseni la maji, pampu, vyuma vya kung'olea tairi, tupa ya kukwaruzia, na pistoni ya injini iliyokufa zamani. Mpira wa ndani ulioletwa kwake aliujaza upepo, akauzamisha kwenye beseni, akatazama unapotoa mapovu. Pale alipapangusa, akapakwaruza kwa tupa mpaka pakapoteza mng'ao, akapaka gundi na kuiacha ikauke mpaka isinase kidole, ndipo akabandika kiraka. Juu ya kiraka aliikaza ile pistoni, akatia petroli kidogo katika uvungu wake, akawasha. Moto ule mdogo ulipokufa wenyewe, kiraka na mpira vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Lakini watu hawakumjua kwa viraka. Walimjua kwa alichofanya baadaye, kabla ya kuurudisha mpira mahali pake. Aliingiza mkono ndani ya tairi tupu mpaka kwenye kiwiko, akakipitisha kiganja kote, macho ameyafumba, akitafuta kilichotoboa. Mafundi wote hufanya hivyo. Yeye, akishakipata na kukitoa, alianza upya. Madaraja ya barabara ile yalikuwa ya magogo na mbao, na mbao zilipigiliwa misumari miwili miwili kila ncha. Ubao ukioza, misumari huchomoza pamoja. "Msumari wa daraja hautembei peke yake," aliwaambia madereva, na vijana wenye haraka wakamwita Fundi Mwenziwe. Mmoja wao, mtu wa mdomo, alimwuliza mbele ya watu: "Fundi, bibi iko mumoja tu ulioa. Mwenziwe haukutafuta?" Wenzake walicheka. Hippolyte hakuinua uso. Kiganja chake kiliendelea kuzunguka, na yule kijana akabaki na kicheko chake mdomoni, hajui pa kukiweka.

Julienne alikuwepo, alikuwa amemletea baba yake chakula. Wakati huo alikwisha kujua. Odile, dada yake Hippolyte, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemsimulia, siku moja wakipalilia karanga. Baba yake mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo lile, na Julienne hakuwahi kumwuliza.

Ulikuwa wakati wa vita vya Wazungu, Serikali ilipoirudisha kazi ya mpira. Wanaume wa vijiji vya Kabambare walisukumwa msituni kugema utomvu wa zile kamba zinazopanda miti mirefu, na aliyerudi na kidogo alilazwa chini na kuchapwa mbele ya mkewe na watoto wake. Hippolyte alikuwa fundi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja pale Kabambare. Ulaya haikuleta tena viraka wala gundi. Viraka alivikata kwenye mipira iliyozeeka. Gundi aliitengeneza kwa kuloweka katika petroli vipande vya mpira wa msituni vilivyodondoka chini ya mizani. Alivijua vile vipande. Kila kimoja kilikuwa kimepungua kwenye mzigo wa mtu fulani, na mgongo wa mtu yule alikuwa ameuona.

Ernestine, mkewe, alishikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza, na mtoto akakataa kutoka. Mwuguzi wa dispensari alimpapasa tumbo, akasema huyu apelekwe hospitali ya Kasongo, tena leo, si kesho. Gari lililokuwepo ni la Zuberi, dereva kijana wa Kasongo, limejaa mpira na pamba. Karani wa ghala alikubali mgonjwa alazwe juu ya marobota, Odile akae naye. Tatizo lilikuwa moja: Zuberi alikuwa ameingia asubuhi ile gurudumu lake la nyuma likiwa limelala.

Watu wa barabara walikuwa na dawa yao ya miaka ile ya vita. Mpira ukiharibika, walijaza tairi majani, wakayashindilia kwa mti mpaka yakawa magumu, na gari likaenda mwendo wa mzee, lakini likafika. Zuberi alishauri wafanye hivyo. Hippolyte alikataa. Kwa majani wangelala njiani, na Ernestine hakuwa na usiku wa kulala njiani. Kiraka anacho, gundi anayo, mkono wake anaujua.

Akaingiza mkono ndani ya tairi, akaukuta msumari, mrefu, wa kichwa cha mraba. Akauchomoa, na Odile alikumbuka kwamba aliuinua juu ili mkewe auone, akicheka, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Kisha akautupa. Alijua, kama madereva na mafundi wote wa barabara ile walivyojua, kwamba misumari ya daraja ni miwili. Lakini mkewe alikuwa akiugua juu ya marobota, na mkononi alikuwa na jibu. Kiraka kikashika vizuri. Wakajaza upepo kwa zamu, yeye na Zuberi, wakaondoka.

Hata kijiji cha Lusangi, njiani, hawakufika. Kwenye mteremko, gari likiwa mbioni, gurudumu lile lile likalipuka. Zuberi alipofaulu kulisimamisha, mpira wa ndani ulikuwa umechanika urefu wa mkono. Hippolyte aliutandaza barabarani akautazama. Kiraka chake kilikuwa mahali pake, hakikulegea hata ukingo. Akaingiza mkono ndani ya tairi, na hapo, upana wa vidole vichache kutoka alipouchomoa ule wa kwanza, kiganja kikaukuta wa pili. Ncha yake ilikuwa imejificha katika unene wa tairi, ikingoja uzito na joto.

Ndipo wakaanza kukata majani. Hippolyte alikata kama mtu aliyehukumiwa kukata, viganja vikitoka damu, na kutoka juu ya gari aliisikia sauti ya mkewe ikimwita Odile, si yeye. Mtoto, ndiye Julienne, alitoka jua likiwa bado kali. Damu ikatoka nyuma yake na haikukoma. Odile alizuia kwa kitenge chake, kisha kwa cha mgonjwa. Ikapita kwenye marobota ya pamba, ikadondoka barabarani kati ya magurudumu. Tairi liliposhiba majani, gari likaondoka kwa mwendo ule ule wa mzee ambao Hippolyte aliukataa asubuhi. Ernestine alikata roho kabla ya kuyaona mapaa ya Kasongo. Gari lilifika, kama Zuberi alivyosema lingefika.

Hippolyte hakurudi Kabambare. Alimzika mkewe Kasongo, akajenga kibanda pale barabara inapoingilia, na hapo akabaki.

Julienne hakulia alipoyasikia haya. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari wake. Lakini tangu siku ile, kila jioni baba yake alipompitishia kiganja kichwani, taratibu, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kama alivyozoea tangu yeye ni mtoto mchanga, alijiuliza mkono ule unatafuta nini, na kama utakuja kupumzika siku moja.

Alipomaliza shule, masista walimpatia nafasi katika shule ya wakunga kule Kindu. Hakuna aliyemwuliza kwa nini aliitaka kazi ile. Baba yake hakumkataza. Aliuliza tu, "Gari iko ya nani?" Alipotajiwa dereva, alikwenda mwenyewe kulitazama gari, akarudi akitikisa kichwa: mipira yake imechoka. Gari lililofuata, hivyo hivyo. Lingine hakwenda hata kulitazama, alisema analijua. Julienne alimsihi, akanuna, akakaa bila kula. Mama Mkuu akamwambia wazi kwamba nafasi haitamngoja: shule ikifunguliwa bila yeye, itakuwa ya mwingine. Kindu si mahali pa kwenda kwa miguu. Na kumtoroka baba, ambaye tayari alikuwa ameanza kuukohoa moshi wote wa mipira aliouvuta maishani, hakuweza pia.

Odile ndiye aliyekwenda kwa Zuberi. Zuberi alikuwa na mvi sasa, na gari jingine, bovu kuliko lile la kwanza. Miaka yote hiyo yeye na Hippolyte walisalimiana kila walipopishana, wakaulizana habari za nyumbani, na habari ile moja hawakuulizana. Asubuhi moja Zuberi alilileta gari mbele ya kibanda, abiria wa Kindu wakiwa wamekwisha kupanda, sanduku la Julienne likiwa juu, akazima injini.

"Ndugu yangu," alimwambia Hippolyte, "gari ni hii. Tazama mpaka moyo utosheke."

"Moyo hautosheki, Zuberi."

"Basi tazama mpaka mkono uchoke."

Hippolyte akainuka. Alizunguka gari lote akiyapapasa magurudumu, moja baada ya jingine, akisimama mara kwa mara kukohoa. Kwenye gurudumu la nyuma kiganja kikasita. Kichwa cha msumari kilikuwa kimelainishwa na barabara kikang'aa kama kifungo. Akaomba jeki. Abiria wakaanza kunung'unika, na mama mmoja mwuza mawese akauliza kutoka juu ya madebe yake kama huyu mzee iko anatafuta msumari ao anatafuta almasi. Watu wakacheka. Zuberi hakucheka. Aligeuka akatazama upande wa barabara ya Kabambare, na alipogeuka tena uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango.

Msumari ukatoka: mrefu, wa daraja. Hippolyte akauweka kando, juu ya jiwe. Kiganja kikarudi ndani ya tairi, kikazunguka. Hakikupata kitu. Kikazunguka tena. Jua likapanda. Zuberi akafunga gurudumu la akiba na kulikaza. Akasema lile abaki nalo, alitengeneze taratibu, atalichukua akirudi. Hippolyte hakuonyesha kusikia. Alikuwa ameketi chini, tairi mapajani, mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, macho ameyafumba.

Julienne alikuwa amekwisha kupanda. Akashuka. Alijua kwamba akimwacha vile, atakuwa amempeleka Kindu pamoja naye, vile vile alivyokaa. Na asipokwenda, siku nyingine kama hii haitakuja. Akapiga magoti mbele yake katika vumbi, akaingiza mkono wake upande wa pili wa tairi, akapapasa kama alivyomwona akipapasa tangu utoto, bila kuruka mahali, mpaka ndani mle gizani mikono yao ikakutana.

"Baba," alimwambia, "nimepitisha kote. Hakuna."

Hakumwona tena baada ya siku ile. Mvua zilipoanza, Zuberi alifika Kindu, akasimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, na Julienne akajua kabla hajaambiwa. Kifua ndicho kilichommaliza. Tairi Zuberi alilikuta kibandani, bado liko wazi, halijafungwa, na ndani yake hapakuwa na kitu. Odile alisema kaka yake alilishika kila asubuhi kabla ya kushika kazi nyingine yoyote.

Siku ile, pale chini barabarani, mikono yao ilipokutana, Hippolyte aliugeuza wake akaushika wa binti yake. Alikipapasa kila kidole, polepole, kama anayekihakikisha, kisha akauachia. Akafumbua macho, akamtazama. Zuberi alikuwa amekwisha kuwasha injini.

"Panda, mama," baba yake alimwambia. "Wewe uende. Mimi ningali natafuta."