Ubao wa Njia

Torano aliingia kijiji cha Sugikura akiwa bibi harusi, amefungwa mgongoni mwa shemeji yake kama gunia la mpunga, maana theluji ilikuwa imewashinda hata farasi. Wanawake waliompokea walinong'onezana kwamba kijimwili kile hakimalizi msimu mmoja wa baridi. Aliwasikia. Amewazika wote, na kila msiba alipika yeye.

Siku hizi Sugikura ina nyumba mbili tu zinazotoa moshi: yake, na ya Mzee Genkichi, rafiki wa marehemu mumewe. Kutoka kwao hadi barabara kuu, ambako trekta la kuondoa theluji hupita asubuhi, ni mteremko katikati ya mierezi, na mashine haipandi pale. Njia hukanyagwa kwa miguu. Unavaa viatu vya matawi yaliyopindwa duara, unashindilia theluji taratibu mpaka ishikamane, iweze kumbeba mtu.

Kazi hiyo ina zamu, na zamu ina ubao, kipande cheusi kwa moshi wa miaka, chenye kitanzi cha kamba. Ubao ukifika kwako, njia ni yako. Ukimaliza kukanyaga, unaupeleka kwa mwingine, na yeyote aliyelala kijijini usiku huo anaweza kupelekewa. Haukataliwi. Mume wa Torano aliwahi kuupokea akiwa na homa, akaenda, akarudi, ndipo akalala.

Mwaka huu Genkichi alianguka kwenye ngazi ya ghala, nyonga ikaharibika, na ubao ukabaki kwa Torano peke yake. Habari hizo zikamfikia mwanawe, Yoshiharu, ambaye yuko mjini kwenye kiwanda cha biskuti za mchele. Akaja. Gari akaliacha barabarani, akapanda kwa miguu, akakaa kizingitini akihema.

"Mama, funga mizigo. Chumba kipo, jiko la mafuta lipo, hospitali unaiona dirishani."

"Nikaione hospitali, nimekuwa mgonjwa?"

"Una miaka mingi, Mama."

"Ninayo kweli. Nimeipata hapahapa."

Kabla hajajibu, ngurumo ikapiga. Moja tu, nzito, kama mtu aliyeangusha kabati juu ya paa, kisha kimya. Mvua ya punje za barafu ikaanza kugongagonga mabati. Watu wa kule ngurumo hiyo huiita mwamsha-theluji. Si kama radi za kiangazi zinazozunguka milimani zikinung'unika nusu siku. Wingu la baridi liko chini, limekaribia kuegemea mierezi; ndani yake punje za barafu na vipande vya theluji vinapandishwa na kushushwa, vinagongana, mpaka umeme unajaa, na ukitoka hauna safari ndefu. Unapiga mara moja, na unachokipiga unakipasua.

Yoshiharu akamwonyesha mama picha ya mawingu kwenye simu. Upepo baridi ulikuwa unatoka nchi kavu ya ng'ambo, unavuka bahari iliyobaki na joto lake, na bahari inafuka kama sufuria ya wali. Mvuke umejipanga mistari mistari kama kamba za kuanikia nguo. Lakini mahali pepo mbili zilipokutana, kamba zile zilisokotana zikawa moja nene, na ncha yake ilikuwa imelala juu ya Sugikura. Bonde la pili wangeweza kuota jua.

"Hii haiondoki leo wala usiku," alisema. "Twende mapema."

"Imenguruma mara moja. Ya mara moja hupita, hailali kwa watu." Torano alikuwa ameshaiweka mezani figili ya chumvi. "Basi sikiliza, mwanangu. Kesho dereva wa trekta akiona njia yangu imefika barabarani, atapiga honi kama kawaida yake, na sitaki tena kusikia habari za mjini mpaka baridi iishe, mcheri utoe maua. Honi isipolia, nakufuata kimya, mto wangu kwapani."

Yoshiharu alitazama dirishani, ambako hata ghala halikuonekana tena. Akacheka. "Umesema mwenyewe."

Jioni ile Torano alikanyaga njia yote. Asubuhi haikuwepo. Simu ilikuwa imesema kweli, na yeye alikuwa amekosea. Kamba ile nene haikusogea, ilimwaga usiku kucha. Akavaa viatu vyake, akajitundika ubao shingoni, akatoka.

Theluji ilimfika kiunoni. Aliinua goti kwa mikono yote miwili, akashindilia, akainua jingine. Karibu na kisima radi ikapiga mwerezi upande wa juu, ganda likaruka na harufu ya kuungua ikamjia puani. Akasimama kidogo. "Umenikosa," akaliambia wingu, akaendelea. Alifika barabarani, akagusa nguzo ya kituo cha basi, akageuka nyuma. Alikotoka kulikuwa kumefukiwa, kweupe, kama hajapita mtu.

Alirudi akikanyaga upya, theluji ikifukia nyuma yake, nyusi zimeganda. Yoshiharu alikuwa mlangoni na bakuli la supu.

"Mama, basi. Umeshindwa na theluji, si na mimi. Hakuna aibu."

Torano hakupokea supu. Alivua ubao, akamvisha mwanawe shingoni.

"Nini hiki?"

"Nimemaliza zamu yangu. Ulilala wapi jana?"

Dirisha la jirani likafunguka, kichwa cha Genkichi kikatoka. "Shemeji, kaupokea?"

"Anautazama."

"Yoshiharu, marehemu baba yako aliupokea ana homa. Wewe una nini, mafua ya kiwanda?"

"Mzee, nikikanyaga si ndiyo nampa ushindi?"

"Hayo yenu ya mama na mwana. Mimi naulizia njia."

Yoshiharu aliushika ubao, akaugeuzageuza. Pembeni palikuwa na alama ya meno yake, aliung'ata alipokuwa anaota ya mbele. Akatukana chini chini, akavaa viatu vya baba yake, akatoka. Mama akapumua mlangoni, kisha akamfuata, kila mmoja akikanyaga alipoachia mwenzake.

Genkichi akabaki dirishani, shingo nje. Trekta lilisikika mbali, likakaribia, likapunguza mwendo pale kituoni. Kisha honi, ndefu.

Yoshiharu alipanda akitoka mvuke kama ng'ombe. Akaunyoosha ubao kuelekea dirisha la Genkichi, akaikumbuka ile nyonga, mkono ukabaki hewani.

"Lete," alisema Torano, akautundika kwenye msumari wake. "Ile supu ipashe. Jioni ni mimi."