Ngoma Niliyoichana

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kijijini kwetu Kitaya, niliichana ngoma ya mama yangu kwa kisu cha kumenyea mihogo. Sikuwa mtundu. Nilimpenda mdogo wangu, Hamisi, na nilikuwa nimeaminishwa kwamba ngoma ile inamuua.

Mama alikuwa mpiga ngoma. Walimwita harusini na kwenye unyago mpaka Mahurunga, na baba, mkulima wa korosho asiyejua hata kupiga makofi sawasawa, alimbebea ngoma kwenye baiskeli bila kuona haya. Kisha mama akajitolea kumsaidia nesi wa zahanati. Kila siku ya kliniki aliwasha nyasi kavu, akaipasha ngozi moto mpaka ikaze, akazunguka kijiji akiipiga ili akina mama wapeleke watoto kuchanjwa. Hakulipwa chochote. Akiulizwa anapata nini, alijibu, "Napata mazoezi."

Tatizo lilikuwa Hamisi, mwenye miezi minne, aliyekuwa mgongoni mwake. Kwetu mwanamke anayenyonyesha hagusi ngoma. Ilisemwa kwamba mtoto mchanga bado hajaamua kukaa duniani, na mama yake akipiga ngoma anamwita arudi alikotoka. Vikongwe waliokoma kuzaa, ruksa. Mama hakuwa kikongwe.

"Mama Somoe, ngoja basi mtoto atembee," bibi, mama yake baba, alimwambia.

"Na surua nayo itangoja, mama?"

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wake wawili, wote wachanga, na alihitaji kitu cha kulaumu.

Siku mbili baadaye Hamisi akashikwa na degedege. Macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa. Mama akamfunga kifuani, baba akawapakia kwenye baiskeli, wakakimbilia zahanati. Bibi akakaa mlangoni akilia, "Nilisema mimi. Nilisema." Hakunituma. Niliingia ndani mwenyewe, nikachukua kisu, nikaipasua ngozi kutoka ukingo hadi ukingo. Niliamini nimemwokoa.

Siku ya nne walirudi, Hamisi akinyonya kwa pupa. Alikuwa amechomwa sindano za malaria, ila hakuna aliyetaka kusikia habari za sindano. Bibi alishawaambia majirani kwamba ngoma imepasuka yenyewe. Wanawake walikuja kutoa pole, wakamwambia mama ashukuru, ngoma imekufa na mtoto amepona.

Mama aliitazama ile ngozi kwa muda mrefu. Ngozi ikipasuka yenyewe haifuati mstari ulionyooka. Wageni walipoondoka, alileta ngozi mbichi ya mbuzi, akaniita uani.

"Shika hapa, Somoe. Aliyekata ndiye atakayeshika."

Nikashika. Aliivuta, akaigongomea vijiti kimoja kimoja kuzunguka mdomo wa ngoma, nami nalia.

"Na akifa?" nikauliza.

"Naogopa kama wewe. Lakini nikiiacha, watasema amepona kwa sababu ngoma imepasuka. Mtoto mwingine akishikwa, watatafuta ngoma ya kuchana badala ya kutafuta baiskeli."

Siku ya kliniki alimfunga Hamisi mgongoni, akaanza na nyumba za wale wale waliokuja kumpa pole. Aliipiga kwa nguvu kuliko siku zote. Milango miwili ikafungwa mbele yetu. Nilitembea nyuma yake, macho kwenye kanga, nikiangalia kama mtoto anapumua. Alikuwa amelala fofofo.

Nyumba ya tatu nikasikia ndala nyuma yangu. Alikuwa bibi. Aliweka kiganja mgongoni mwa Hamisi, akatembea nasi kijiji kizima namna hiyo, amemshika, endapo ataitwa. Hakuwa ameacha kuamini hata kidogo. Mlango wa kwanza kufunguka ulifunguka kwa sababu walimwona yeye.

Mama alifariki mwaka jana, mzee kabisa, akiwa amezaa wengine watatu na kupiga ngoma kila mmoja akiwa mgongoni. Hamisi ana wajukuu na mdomo usiofungika. Nilipokua niliwasimulia watu habari za kisu, na bado wapo wanaoninong'oneza kwamba ni kile kisu kilichomwokoa. Huwajibu kwamba kisu nilikishika mimi, na kilikata ngozi ya mbuzi, basi.

Mwezi uliopita binti yangu, anayenyonyesha, aliniomba ile ngoma kwa ajili ya kliniki. Majirani wakanisihi nimkataze. Ningependa kusema siogopi. Miaka yote hii nilidhani mama na bibi walikuwa pande mbili, na siku binti aliponiomba ngoma ndipo nikaona wote wawili waliogopa kitu kimoja na wote wawili walitembea. Niliwasha nyasi, nikampashia ngozi mwenyewe. Alipoanza kupiga nikamfuata nyuma, kiganja changu mgongoni mwa mjukuu wangu.