Kompyuta ya sebuleni niliyomjengea mama Mjimwema, na kitambaa alichoifunikia

Wakuu, salamu popote mlipo.

Kuna mdau jana aliuliza namna ya kubana kompyuta kwenye casing ndogo, yaani kasha lake, aiweke sebuleni iwe inacheza video kwenye TV. Nilianza kumjibu, nikajikuta naandika mambo mengine kabisa. Basi nimeyafungulia uzi wake hapa jukwaani. Sitaongeza chumvi, na sehemu inayoniaibisha naiacha ilivyo.

Ni miaka ile soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, kompyuta za mtumba zikajaa Kariakoo, na mimi nilikuwa fundi huko. Nyumbani ni Songea, Mjimwema.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni. Alipofariki alituachia mkanda mmoja wa video, wa jubilei ya ndoa yao. Humo anaimbisha kwaya, halafu anamgeukia mama na kumshukuru mbele ya watu. Sauti yake hatukuwa nayo mahali pengine popote.

Mkanda ukaanza kuota ukungu, na deki nayo ilikuwa inautafuna. Mama aliniomba kitu kimoja tu: siku ya misa ya kumbukumbu ya baba, ndugu wakija, wamwone na kumsikia.

Nikaamua kumjengea kompyuta.

Casing niliipata ndogo, haizidi boksi la viatu. Niliitaka hiyo kwa sababu meza ya mama ina TV ya chogo na sanamu ya Bikira Maria, nafasi haipo. Motherboard, ile bodi kuu, iliingia kwa kulazimisha. Hard disk, ile inayotunza video, nikaifunga juu kabisa, chini ya mfuniko, na joto lote likawa linatolewa na feni moja ndogo kupitia matundu ya mfuniko huo. Mafundi mnaosoma hapa mshaona tatizo.

Nikasafiri nayo hadi Songea. Umeme wetu wakati huo ulikuwa wa majenereta, unakatika unavyojisikia, nikaweka na stabilizer ya kutuliza umeme. Nikahamisha mkanda wote kwenye kompyuta. Tulipotaka kuurudia, deki ikaukata vipande vipande.

Begini nilikuwa na CD tupu tatu. Kopi ningetoa siku ile ile. Nikasema nitafanya nikija tena.

Nikaicheza video kwenye kompyuta, mama akatazama. Baba alipofika pale pa kushukuru, mama akajibu taratibu, "Asante na wewe, Mwalimu."

Halafu akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cha kufuma, kizito, cheupe chenye maua ya bluu, akaifunika ile kompyuta. Kwetu kila kitu kilivaa: redio, jagi, migongo ya makochi. Kitu cha thamani hakiachwi wazi. Hata TV, ukitaka kuangalia unakunja upande wa mbele tu, juu kinabaki.

"Imependeza, mama," nikamwambia.

Wakuu, hilo neno sijawahi kumwambia mtu kwamba nililisema.

Nikarudi Dar. Nilikuja tena siku moja kabla ya misa, nikakuta shangazi zangu wawili wametoka Mbinga na wameshakaa sebuleni. Nikawasha. Hard disk ikagonga tak, tak, tak, basi. Nikagusa kitambaa, kilikuwa bado na joto. Mama alikuwa anaiwasha kompyuta kila siku baada ya rozari, na kitambaa kikiwa juu, kimeziba matundu.

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia, mbele ya wifi zake, "Mama, umemzika baba mara ya pili."

Mama aliangalia chini. Akasema, "Sikujua kama hicho chombo kinapumua, mwanangu."

Shangazi mkubwa akaniambia, "Wewe, toka nje." Nikatoka.

Misa ilisomwa, watu wakala, hakuna aliyeulizia video. Casing niliiacha pale pale mezani kwa mama, disk nikaichomoa na kuzunguka nayo kwa mafundi wawili Dar, ikashindikana.

Nilipokwenda tena Songea, nyumba ilikuwa tupu machoni. Redio wazi, TV wazi, makochi wazi. Mama alikuwa ameviondoa vitambaa vyote na hakusema kwa nini. Nami sikuuliza. Niliwahi kufungua mdomo nimwombe radhi, nikaishia kuongelea mahindi.

Alifariki mwaka uliofuata.

Tulipofungua sanduku lake la nguo, nikakuta kitambaa kipya, hakijamalizika, sindano bado imo. Kidogo, ukubwa wa boksi la viatu. Katikati ameacha duara wazi. Nilikipeleka sebuleni nikakiweka juu ya ile casing, duara likaangukia sawasawa kwenye matundu ya feni. Alikuwa ameipima. Alikuwa ananisubiri niitengeneze.

Nililia, wakuu.

Wewe mdau uliyeuliza: toa kopi kabla hujafunga skrubu ya mwisho. Disk usiibane chini ya mfuniko. Halafu muulize mwenye sebule ataifunika na nini, na akikwambia, msikilize. Kosa la ufundi likiwa lako, libebe mwenyewe, usimtwishe asiyejua.

Casing ninayo hapa. Haiwaki, lakini nimeivalisha kitambaa chake, na sindano sijaitoa.

Karibuni mchangie. Na kama kuna aliyewahi kumwambia mzazi neno la namna hii, akawahi kumwomba radhi kabla mzazi hajaondoka duniani, naomba anieleze alianzaje.