Majani Machachu ya Bondeni

Hata leo nikisikia harufu ya majani machachu yaliyopondwa, hasira hunipanda kwanza, ndipo nikumbuke kwamba sina tena haki nayo.

Enzi za Mwingereza, nyumbani kwetu Itaka, baba alirudi kutoka Ivuna na mizigo ya chumvi na mbuzi jike mweupe, akanikabidhi mimi. Dada yangu Ana, aliyekuwa ameposwa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, aliomba apewe mbuzi huyo aende naye kwa mumewe. Baba akakataa. Nami, Mungu anisamehe, nikamringia dada palepale.

Mbuzi alikuwa ametembea siku nyingi, mbavu zinahesabika.

"Kamkatie yale machachu ya bondeni," Ana aliniambia. "Wetu wote wanayala."

Nikamletea mzigo mzima. Alikula kama mgeni wa harusi. Alasiri akaanza kutetemeka, miguu ikamlegea, na kabla jua halijatua akafa, kichwa chake mapajani mwangu. Mbuzi wetu, waliokula majani yaleyale asubuhi, walikuwa wakicheua tu pembeni. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama si majani, basi ni mtu. Wakubwa walizoea kusema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa Ana, niliyelala naye mkeka mmoja.

Siku Ana alipoondoka nilijificha nyuma ya kihenge.

"Tabita! Njoo basi uniage!"

Sikutoka. Salamu alizonitumia miaka iliyofuata sikuzijibu hata moja.

Nilikuwa mama wa watoto watano bwana mifugo mmoja aliponieleza. Majani yale hujilinda kwa sumu iliyomo katika uchachu wake. Mbuzi aliyezaliwa kwetu huyala kidogo kidogo tangu udogoni, mpaka tumbo lake linazoea kuivunja sumu hiyo. Mgeni mwenye njaa hana tumbo la namna hiyo. Akishiba, sumu huingia kwenye damu. Ana alisema kweli tupu. Hakujua, kama nami nilivyokuwa sijui.

Wiki hiyohiyo nilivuka mpaka. Ana alinipokea kwa vigelegele, nikamweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Miaka yote hiyo nilijiona mimi ndiye niliyesalitiwa.

Aliniinua kidevu.

"Kumbe ulinidhania mimi? Nilifikiri umekasirika kwa kuwa nakuacha."

Kisha akamgeukia binti yake mkubwa, aliyekuwa akisonga ugali.

"Tabita," alimwita, "njoo umsalimie mama yako mdogo. Ndiye mwenye jina lako."